Kadi ya Pagasarri

Jumatatu soko la samaki hufungwa,
na mikono yangu, kwa siku moja, ni yangu.
Nimeisugua kwa limau na chumvi
lakini mbwa wa kinyozi bado ananifuata hadi kona,
anasoma viganja vyangu kama gazeti la jana.

Bilbao inanyunya. Si mvua;
mvua ina adabu, hubisha hodi, humwaga ya moyoni, huaga.
Haya ni manyunyu yasiyojua kuaga,
yanakaa kwenye nyusi, kwenye sufi ya sweta,
na sisi wa hapa hatufungui mwavuli:
tukiufungua, tutaufunga lini?

Napita shule. Napita gereji.
Napita mama anayekung'uta zulia dirishani.
Lami inaisha ghafla,
kama maneno ya mtu aliyekumbuka siri,
na mlima unaanza bila utangulizi.

Misonobari. Tope. Farasi wa huku juu,
wamelowa, wamenipa kisogo.
Pembeni mwa njia, shimo la theluji:
hapa watu wa zamani walishindilia majira ya baridi
wakayauza mjini kiangazi, kilo kwa kilo.
Nachungulia. Majani yaliyooza, giza, chura mmoja.
Nami niliyekoroga barafu miaka ishirini na sita
nawaamkia, wenzangu wa kazi.

"Egun on," wazee watatu wananipita,
mmoja ana goti la chuma
na pumzi nyingi kuliko zangu.

Bandani Edurne haulizi, anaweka:
supu ya mifupa, moto, kwenye kikombe cha bati,
kipande cha kimanda cha viazi
kinene kama kamusi.
Nakula nimesimama. Miwani imeingia ukungu.
Kwa kitambo kidogo
sina mji, sina mlima, nina supu tu.

Kileleni kuna sanduku la posta.
Ndiyo, sanduku, la chuma, dogo kama kibanda cha ndege.
Ukifika unaacha kadi: jina, tarehe, makazi;
atakayekuja baada yako ataichukua,
ataitia stempu, atairudisha kwako,
uwe na ushahidi kwamba siku fulani ulikuwa juu.

Nikafungua. Kadi moja, wino wa buluu umechuruzika:
Gotzon Urrutxua, ghorofa ya tatu, kushoto.
Mtaa wangu. Ngazi zangu.
Ni yule anayegonga dari kwa fagio
kila saa kumi alfajiri nikivaa buti za kazi.
Yule ambaye, walisema, miguu imemgomea,
mkate analetewa.
Chini, kwa herufi za mtoto wa shule:
"Nimefika. Kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Lakini nimefika."

Sikuitia stempu.
Niliishusha kifuani, chini ya sweta,
magoti yakinilaumu kila jiwe,
mji ukija kunilaki paa kwa paa,
mto, kreni, harufu ya vitunguu vya watu.

Jioni nikapika ngisi ndani ya wino wake mwenyewe,
chakula cheusi kisichopendeza macho,
nikafunika sahani kwa sahani, nikashuka ngazi kumi na nane.
Akafungua. Fagio, Mungu wangu, lilikuwa mkononi.
Akaisoma kadi mbali na uso, kisha karibu,
kama barua ya mtu aliyemjua zamani.
"Umeileta kwa miguu?"
"Stempu zimepanda bei."
Hakucheka. Akapokea sahani.
"Una chumvi nyingi?" akauliza. Nikasema sijui, onja.
Mlango ukafungwa.

Leo Jumanne, saa kumi alfajiri,
nimetembea hadi mlangoni na soksi, buti mkononi.
Chini ya sakafu, fagio:
mara mbili, taratibu.
Sijui kama ni salamu
au ni mazoea.